Nina paka wawili na bado panya wamejaa darini, sumu naogopa kuweka

Baba Nasra (Chanika)

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada hasa nyie mnaofuga paka. Nimehamia Chanika mwaka jana, nyumba bado haijaisha vizuri, upande wa nyuma hakuna fensi, jirani mmoja kalima mihogo na mwingine ana pagala limeota majani mpaka dirishani. Juu nimepaua bati la msauzi, ndani dari la jipsam. Sasa ikifika saa tano usiku hatulali, huko juu wanakimbizana, wanaguguna mbao, wiki iliyopita wamekula waya wa taa ya koridoni mpaka fundi umeme kaja kubadilisha, na jikoni wametoboa mfuko wa sembe uliokua umefungwa vizuri kabisa.

Paka ninao wawili, jike na dume. Jike ana bidii kweli ila anachokamata ni vile vidogo vyenye pua ndefu vinavyonuka, anaua anaviacha mlangoni wala hali hata kimoja. Dume yeye anakaa koridoni anaangalia dari masikio yamesimama, anasikiliza weeee mwisho analala.

Jirani ananishauri niweke sumu. Na mke wangu ni mjamzito miezi minne, mama mkwe yupo hapa kuja kutusaidia, anasema paka watolewe wote maana wanaharibu mimba. Kiukweli hawa paka binti yangu amekua nao, sitaki kuwatoa na sitaki wafe, lakini panya nao wamenishinda. Nianzie wapi?

Fundi Kenchi

Kaka pole sana. Hilo bati la msauzi ndio mlango wao. Chukua ngazi mchana uangalie pale bati linapolala juu ya fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, kila mgongo wa bati unaacha uwazi na mafundi wengi hawazibi kwasababu haipo kwenye mapatano ya kazi. Penye kuingia kidole gumba panya mkubwa anapita, wale wadogo kabisa wanapita hata penye upana wa kalamu. Ukiona mbao pembeni ya tundu ina weusi wa mafuta mafuta ujue ndio njia yao ya kila siku, ule ni uchafu wa manyoya yao wanavyojisugua.

Ziba kwa stili waya ile ya kuoshea sufuria, ishindilie mpaka igome, halafu mbele yake piga wavu wa chuma wenye matundu madogo, na kwenye ukuta malizia na saruji. Ile foamu ya kupuliza peke yake usinunue, wanaitafuna usiku mmoja. Angalia na bomba la sinki linapotokea nje, chini ya mlango wa jikoni, na pale waya wa umeme unapoingilia. Kama kuna tawi la mwembe limegusa bati kata, acha nafasi ya mita moja na zaidi, wale wa darini ni wapandaji hatari.

Ila usizibe yote siku moja wakiwa ndani, watakufia humo jipsam ioze na harufu mhame nyie. Acha tundu moja wanalopita sana, hapo ndio utege. Wakiisha ndio umalizie. Na huo waya uliobadilishwa naomba fundi umeme apande akague nyaya zote za juu, waya ulioguguniwa ukigusana unachoma nyumba.

Mama Zuhura wa Pangani

Mwanangu Baba Nasra, sumu usiweke. Nakuomba kabisa.

Nilikua na paka wangu wa rangi tatu, hodari, hapa kwangu gunia la mpunga lilikua halitobolewi. Jirani akaweka sumu kwake bila kunena na mtu. Panya akatoka mchana kweupe anaenda pole pole pembeni ya ukuta, hana habari, paka kamdaka mbele yangu na mimi nikamsifu. Siku zikapita yupo salama, anakula anacheza. Halafu akaanza kujificha chini ya kitanda, hataki kushikwa. Nilipomfungua mdomo fizi zilikua nyeupe kama karatasi, na puani kuna damu nyembamba imekauka. Dokta wa mifugo alikua mbali, tukafika jioni, hakuamka.

Kwahiyo hata kama wewe huweki, ongea na huyo mwenye mihogo na mwenye pagala. Nenda na lugha nzuri, waambie una paka na una mtoto mdogo, wakitaka kuweka wakwambie mapema uwafungie ndani.

Na nikuulize, sahani ya paka usiku unaiacha wapi? Watu wengi wanaweka ugali na dagaa pale barazani wanaenda kulala, paka anakula robo anaondoka, panya anamalizia. Unawalisha wote wawili. Mpe asubuhi na jioni, akishamaliza toa sahani oshea papo hapo. Na wala usimkalishe njaa eti ndio atawinda, paka anawinda kwa asili yake hata akiwa ameshiba, mwenye njaa anaenda kula majalalani na kwa majirani ndiko anakokutana na panya mwenye sumu.

Kamanda wa Kitunda

Mnamzungusha mwenzenu. Wale vijana wanaopita na spika wanauza dawa ya panya kwa elfu moja tu na kitu, unaweka juu darini ambako paka hafiki, kesho kimya. Au gundi, weka kwenye kibao. Mambo ya kuziba bati zima ni gharama na mwenzetu bado anajenga.

Mtu wa Pembejeo

Kamanda nakuheshimu ila hapo naomba nikupinge, na nitaandika kirefu kidogo maana nauza dawa hizi dukani kila siku na mambo ya panya nimeyasomea pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro.

Paka hafiki darini ni sawa, lakini panya akishakula anashuka. Zile sumu za kuzuia damu kuganda, vile vijiwe vya bluu au kijani au pinki, haziui palepale, panya anaishi siku kadhaa huku analegea, na huyo aliyelegea ndio paka anamkamata kirahisi. Ndio kilichompata paka wa Mama Zuhura. Habari nzuri kwenye sumu hii ni kwamba dawa ipo, ni vitamini K1, lakini inatolewa na dokta kwa wiki kadhaa na uwahi kabla damu haijaanza kutoka. Kwahiyo mtu akimuona paka wake amekula panya wa kutilia shaka asisubiri dalili, aende hivyo hivyo, na kama kopo au karatasi ya sumu ipo aibebe.

Sasa hizo za kwenye spika ndio mbaya zaidi, hazina lebo, hujui ndani kuna nini, nyingine ni dawa za shambani zimepimiwa kwenye vipakti. Hizo paka anatoa mate, anatetemeka, anapata degedege ndani ya muda mfupi tu. Na vile vidonge vya kufukizia mahindi ghalani kuna watu wanavitumbukiza kwenye mashimo ya panya ndani ya nyumba, jamani vile vinatoa gesi inayoua watu waliolala, watoto ndio wanaanza, na dawa ya kuiondoa haipo. Kumnywesha paka maziwa au chumvi hakutoi sumu, chumvi yenyewe inaweza kumuua.

Gundi nayo, paka akikanyaga anaibeba nyumba nzima na anajilamba. Ikimpata mpakae mafuta ya kula taratibu mpaka iachie, halafu muoshe na sabuni ya kawaida. Usitumie petroli wala mafuta ya taa.

Nirudi kwa Baba Nasra. Wale wa darini ni panya wa nyumbani, weusi weusi, mkia mrefu kuliko mwili. Vile vya pua ndefu vinavyonuka anavyoacha paka wako ni kirukanjia, wala sio panya, vinakula mende na wadudu, ana harufu ndio maana paka haimpendezi kumla. Hivyo viache. Kuna na panya shamba, hao ndio wa kwenye mihogo. Ukiona shimo kubwa uani na mnyama anakaribia ukubwa wa paka mwenyewe huyo ni panya buku, anafika kilo moja na zaidi, paka wengi hawamgusi na wana haki. Ndio hao hao shirika la APOPO linawafundisha pale SUA kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, yule panya Magawa aliyepewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia alizaliwa Tanzania. Mnyama wa maana sana yule, akiwa kazini.

Na kuhusu paka kumaliza panya, usimlaumu dume wako. Kuna utafiti walifanya New York ukatoka 2018, waliweka kamera sehemu iliyojaa panya wakubwa na paka wa mtaani wapo, siku 79 paka waliua panya wawili tu. Ila panya walikua wanajificha zaidi paka wakiwepo. Na mwaka mmoja kabla ulitoka mwingine wa vijijini Swaziland, nyumba zenye paka peke yake au mbwa peke yake panya hawakupungua kihivyo, zenye paka na mbwa pamoja ndio panya waliogopa kukaa. Kwahiyo paka anasaidia kutia hofu, kazi ya kuondoa ni ya kwako na mitego.

Mitego ya kubana ndio silaha yako. Iweke juu darini karibu na lile tundu alilosema fundi, pembeni ya ukuta, sehemu ya chambo ielekee ukutani, na ufunge kwa waya kwenye mbao za kenchi asikimbie nao. Panya anaogopa kitu kigeni, kwahiyo mwanzo weka chambo bila kutega, dagaa au nazi ya kuchoma, akishazoea kula ndio tega. Ya jikoni weka ndani ya boksi lenye tundu dogo la panya ili paka na mtoto wasifikie. Ukitaka kujua wanapita wapi mwaga majivu kidogo usiku, asubuhi utaona nyayo.

Kinyesi chao usikifagie kikavu. Mwagia maji yenye jiki, acha kidogo, vaa glavu, futa. Mkojo wa panya ni mojawapo ya njia za homa ya mgunda, ule ugonjwa uliotangazwa Lindi mwaka 2022 ukaua watu, na viroboto vya panya ndio vilivyoisumbua Lushoto na tauni miaka ile. Na viroboto vikihamia kwa paka usimpulizie dawa ya mbwa wala ya shamba, permethrini inayovumiliwa na mbwa inaua paka. Nunua iliyoandikwa ya paka.

Baba Nasra (Chanika)

Nimesoma yote wakuu Mungu awabariki. Shikamoo Mama Zuhura, pole sana kwa paka wako. Leo asubuhi nimeenda kuangalia ile sahani ya barazani, mavi ya panya yamezunguka pande zote, kuanzia leo inaingia ndani. Na nimeongea na mwenye mihogo, amekubali kabisa.

Bado mawili. La kwanza mama mkwe, nimwambie nini? La pili, kuna mtu kaniambia nimpandishe dume huko darini nimfungie usiku.

Mtu wa Pembejeo

Kuhusu mimba mama mkwe ana pa kusimamia, msimpuuze. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplazma, paka anakipata kwa kula panya na nyama mbichi, kinatoka kwenye kinyesi chake, na mama mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza mimba inaweza kudhurika. Lakini kinatoka kwa muda mfupi tu paka anapoambukizwa mwanzo, na kinyesi kinahitaji kukaa siku moja mpaka tano ndio kiambukize. Kwahiyo mke wako asiguse choo cha paka, kisafishe wewe kila siku bila kuruka, mchanga wa bustani aushike na glavu, mboga zioshwe vizuri na nyama iive. Kumpapasa paka sio tatizo. Mwende naye kliniki mama mkwe asikie mwenyewe kwa nesi, itamkaa zaidi kuliko akisikia kwako.

Fundi Kenchi

Paka darini usimpandishe kaka. Jipsam haibebi uzito wake akiruka, atashuka na kipande, na huko kuna nyaya zimeguguniwa. Mimi nimekuta nyoka darini mara nyingi kwenye nyumba zenye panya, wanafuata chakula, sasa ukimfungia paka na swila hana pa kukimbilia. Hata wewe ukipanda nenda mchana, na tochi, na kijiti cha kugusia mbele.

Mama Zuhura wa Pangani

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuongea na jirani. Unga na mchele tia kwenye ndoo nene zenye mfuniko au madebe, mifuko ile sio kitu kwa panya. Paka wapeleke wapewe dawa ya minyoo, wanaokula panya hawakosi tegu, na chanjo ya kichaa wote wawili. Mpe salamu mkweo, mwambie paka hana ubaya na mjukuu wake.

Mtu wa Pembejeo

Na jambo moja la haraka Baba Nasra, muulize huyo mwenye mihogo anang'oa lini. Shamba likishavunwa panya shamba wanakosa chakula na wanahamia nyumba ya karibu, ambayo ni yako. Yale matundu ya chini, mlango wa jikoni na bomba la sinki, yamalizie kabla hajaanza kung'oa, ya juu yanaweza kusubiri mitego.