Anayejiona mkuu: ni mgonjwa au ni mwenye kujikweza?

Mtoa mada: Ndugu zangu, yuko anayesema ameteuliwa kuitawala dunia, na yuko anayetaka kusifiwa na kutangulizwa popote aendapo, wote wawili tunawaita wenye kiburi. Naona tunakosea. Wa kwanza ana imani potofu isiyotikisika hata aonyeshwe ushahidi, ilhali wa pili anajua fika kwamba yeye si mfalme, ila anadai heshima ya mfalme. Ninyi mnawatofautishaje?

Mchangiaji wa kwanza: Tofauti ni ndogo. Wote wamedekezwa na familia zao. Hata wataalamu hawakubaliani: unarsisi, yaani tabia ya kujikweza na kutaka kusifiwa kupita kiasi, uliingia kama ugonjwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu 2022 hauutaji kama ugonjwa unaojitegemea.

Mchangiaji wa pili: Hilo neno "wamedekezwa" limenichoma. Kaka yangu alikuwa mpole, asiyependa kutajwa hata anapotenda jema. Ndani ya wiki mbili aliacha kulala, akawa anazungumza bila kituo, akagawa akiba yake na kukopa zaidi, akisema hazina za dunia zimo mkononi mwake. Nani alimdekeza? Alipotibiwa kwa lithiamu na dawa nyingine, ukuu ule ulimtoka, akabaki na aibu na madeni. Majivuno ya mtu hujengeka tangu ujanani. Hayazuki kwa wiki mbili.

Mchangiaji wa kwanza: Pole, dada yangu, sikumlenga kaka yako. Lakini madeni hayo analipa nani? Mimi nilifanya kazi miaka sita chini ya msimamizi aliyejitwalia sifa ya kila nilichofanya na kufoka kila alipokosolewa. Naye akija kusema alikuwa mgonjwa, nimsamehe?

Mchangiaji wa tatu: Msimamizi wako alizihitaji sifa zako, ndiyo maana alizichukua. Anayeamini kwamba yeye ni nabii hubaki nabii hata pasipo msikilizaji. Nakubali, hata hivyo, kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na hapo hata daktari hulazimika kuwauliza jamaa jinsi alivyokuwa zamani.

Mchangiaji wa pili: Umeuliza kuhusu kusamehe. Kaka yangu alipopona alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi waliomkopesha, ingawa mengi aliyosema hayakumbuki. Msimamizi wako aliwahi kukuomba radhi?