Je, mwanamichezo wa taifa hana ruhusa ya kulalamika, na mwananchi hana njia ya serikali ila kupitia kwa mbunge?

Kocha wa Langoni ameuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Jumamosi iliyopita tulifunga mashindano ya vijana katika uwanja wa hapa Amu, kisiwani Lamu, na mgeni wa heshima alikuwa mbunge ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa hayupo hapa kujijibia. Alisema mambo mawili ambayo hayajanitoka moyoni tangu siku ile. La kwanza ni kwamba kijana akishavaa jezi ya taifa hana tena ruhusa ya kulalamika hadharani kuhusu posho, tiketi wala vifaa, kwani malalamiko hayo yanaiaibisha bendera. La pili ni kwamba mwananchi mwenye jambo na serikali apitie kwake, aache kuzunguka kwenye ofisi za watu na barua mkononi.

Hilo la pili lilinichoma mimi hasa. Mwezi wa tatu niliiandikia ofisi moja ya umma, nikiuliza ni fedha kiasi gani zilizotengwa kukarabati kiwanja chetu na zimefikia wapi. Nimevuka maji mara tatu kuifuatilia barua hiyo, na sasa ni mwezi wa saba. Safari ya kwanza niliambiwa haionekani, ya pili niliambiwa mwenye faili yuko semina, na ya tatu karani aliniuliza, kwa upole kabisa, mimi ni nani hata nitake kujua. Nilikosa la kumjibu. Naomba wenye elimu ya sheria mnifahamishe.

Wakili wa Mkomani amejibu:

Wa aleikum salaam, Kocha. Swali la karani lina jibu fupi: wewe ni raia wa Kenya, na hilo linatosha. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza kwamba haki hiyo haiathiriwi na sababu uliyo nayo ya kuzitaka, wala na dhana ya afisa kuhusu sababu hiyo. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, upendavyo. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, na ni juu ya afisa kuyaandika maneno yake.

Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au ndani ya saa 48 ikiwa habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu, na kama ofisi uliyoiandikia siyo inayohusika, inapaswa kulipeleka ombi lako panapohusika ndani ya siku 5 badala ya kukuzungusha wewe. Siku hizo zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na hapo una siku 30 za kupeleka shauri kwenye Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Kwa hesabu hiyo barua yako ya mwezi wa tatu imekwisha kulala, andika upya.

Mbunge hatajwi popote katika safari hiyo. Hata maombi rasmi kwa Bunge, ambayo Ibara ya 119 imempa kila mtu haki ya kuyapeleka, mbunge anaweza kukuwasilishia akipenda, lakini waweza pia kumpelekea Karani wa Bunge wewe mwenyewe. Kuhusu vijana wa timu ya taifa, uhuru wa kujieleza uko katika Ibara ya 33, na sijaona mstari unaosema kwamba unavuliwa wakati wa kuvaa jezi.

Nahodha wa Faza amejibu:

Mimi nitamtetea mheshimiwa kidogo, nanyi mnisamehe. Pita kwenye ofisi ya mbunge yeyote Jumatatu asubuhi uone foleni: huyu anataka karo, huyu ana mgonjwa wa kusafirisha Mombasa, na yule ameleta kadi ya harusi ya mtoto wa jirani. Ibara ya 95 inalipa Bunge kazi ya kuwawakilisha watu, kutunga sheria na kuisimamia serikali, lakini sisi tumemgeuza mbunge kuwa kibeti cha mtaa, kisha tunashangaa akijiona ndiye mlango. Na kuhusu wanamichezo, mambo ya timu yaanze kusemwa ndani ya timu.

Bint Shela amejibu:

Ami Nahodha, yaanze ndani, nakubali, lakini yakikwama huko ndani yaende wapi? Novemba 2015 wanariadha walifunga lango la Riadha House jijini Nairobi, makao makuu ya chama chao wenyewe, wakitaka viongozi waliotuhumiwa kwa ufisadi wakae kando. Mwaka uliofuata, timu ikielekea Olimpiki ya Rio, Julius Yego, aliyekuwa bingwa wa dunia wa kurusha mkuki, alikuta hana tiketi ya ndege. Habari ikaenea, tiketi ikapatikana, naye akarudi na medali ya fedha kwa mtupo wa mita 88.24. Malalamiko ya vifaa na posho katika safari ile hayakunyamazishwa, na maofisa wakaishia kufikishwa mahakamani. Nauliza tu: ni nani aliyeiaibisha bendera pale, mrusha mkuki au aliyesahau tiketi yake?

Nadhani mheshimiwa amechanganya hisani na haki. Wakati wa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025, Rais aliwaahidi wachezaji wa Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya soka, shilingi milioni moja kila mmoja kwa kila mechi watakayoshinda, na hakuna aliyechukia. Hiyo ilikuwa zawadi, na mtoaji huchagua wa kumpa. Kuingia kwenye jengo la Bunge na kusikiliza mjadala si zawadi: Ibara ya 118 inakataza umma kufungiwa nje ya vikao ila kwa sababu za pekee ambazo Spika ameziona ni za haki. Na hapa kwetu, leseni ya mradi wa makaa ya mawe wa Kwasasi ilifutwa tarehe 26 Juni 2019 na Baraza la Kitaifa la Mazingira, linaloamua kesi za mazingira, kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokwenda kushtaki hawakuwa na medali shingoni.

Nahodha wa Faza amejibu:

La tiketi umenishinda, mwanangu. Kocha, safari hii chukua nakala mbili. Moja waachie, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha urudi nayo mfukoni. Wakisema mwenye muhuri ametoka, kaa umngoje.

Kocha wa Langoni amejibu:

Ahsanteni sana. Nimekwisha kuiandika, na mwanzo wake ni huu: “Mimi ni raia wa Kenya. Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba, naomba kujulishwa kiasi cha fedha zilizotengwa kwa ukarabati wa kiwanja, kiasi kilichokwisha kutumika, na jina la mkandarasi aliyelipwa.” Naivusha Jumatatu kwa boti ya saa mbili, na nimebeba chakula cha mchana.