MJADALA: Reli ya Mtwara–Mbamba Bay ikija, abiria wa karibu tumo?

Wadau, kila reli hii inayopangwa kutoka bandari ya Mtwara hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, inapotajwa, utasikia makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Muuza samaki wa Mikindani au mfanyakazi wa Naliendele anayewahi kazini hatajwi.

Reli tuliwahi kuwa nayo. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mashamba ya karanga ya Nachingwea. Treni zilianza 1949 zikiishia Mkwaya, upande wa Lindi, kisha njia ikaletwa Mtwara, ambako bandari ilikamilika 1954. Ila mpango wa karanga wenyewe ulikuwa umefutwa tangu 1951! Bandari mpya, karanga hakuna. Wakaifikisha Masasi 1958. Mzigo bado haukutosha. Mwaka 1962 ikafungwa, baadaye vyuma vikang'olewa. Ilijengwa kwa kutegemea zao moja, na zao lilipokufa ikafa nalo.

Msimamo wangu: tusidai reli ya pili ya mjini, hatutaipata. Tudai stesheni ndogo kwenye hiyohiyo ya mizigo, zichorwe kabla mkandarasi hajaingia. Treni ya Mwakyembe kule Dar, ile ya abiria wa mjini iliyoanza 2012 na kuitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilipita Ubungo Maziwa hadi Stesheni kwenye njia ya zamani. Walichoongeza ni mabehewa na vituo. Mnasemaje?

Mdau wa Masasi: Kaka, Dar ina watu mamilioni. Mtwara bajaji zenyewe zinagombania abiria. Halafu njia ni moja: treni ya makaa ikija, ya abiria isubiri wapi? Mwekezaji hatakubali. Kwangu cha kwanza ni malori yatoke barabarani, maana lami ya huku yanaimaliza.

Mdau wa Lindi: Na sisi? Zamani reli ilianzia kwetu, safari hii hata tawi hatulisikii. Mnagombania stesheni, wenzenu tunagombania ramani.

Mleta mada: Wa Lindi, hapo sina jibu, dai lenu ni la haki. Wa Masasi, malori yatoke, tupo pamoja. Ila njia za kupishana zitajengwa tu, kwa sababu treni za makaa zenyewe zitakutana, moja ikienda bandarini na nyingine ikirudi tupu. Gharama hiyo usiwabebeshe abiria. Na sijasema treni kila nusu saa. Moja alfajiri, moja jioni, basi. Kwenye nauli ndipo tubishane: nani atafidia ikiwa chini kuliko ya bajaji?