Tupeane uzoefu: spika ya Alexa na waifai ya nyumbani, nani amenusurika?

Mama Shamim, Bombo
Jamani, mwanangu aliye Dubai kaniletea hizi spika za kuzungumza nazo. Nikiiomba Qurani asubuhi, inasoma aya mbili inakata, halafu inaniomba radhi kwa Kiingereza. Simu yangu iko hapo hapo, waifai ile ile, inacheza bila shida. Wenzangu mmefanyaje? Na msiniambie nizime niwashe, nimeshachoka kuzima.

Fundi wa Kireka
Asalaam alaykum Hajati. Ruta inatoa mawimbi ya aina mbili, GHz 2.4 na GHz 5. Hayo ya 5 yana mbio lakini ukuta wa matofali unayamaliza. Spika iweke kwenye 2.4. Na kama umeificha nyuma ya runinga, itoe huko.

Mpangaji Najjera
Hajati usimsikilize. Huku kwenye maghorofa hiyo 2.4 ni soko la Owino siku ya Jumamosi, kila mpangaji na ruta yake, wote wanapiga kelele. Nilihamia 5, nimepona.

Fundi wa Kireka
Umepona kwa sababu unalala na ruta chumba kimoja. Mama ana nyumba. Hata hiyo 2.4 ungebadilisha chaneli tu: 1, 6 au 11, hizo hazipandani.

Mpangaji Najjera
Nibadilishe vipi na nywila ya kuingilia kwenye ruta wamekaa nayo kampuni?

Kaka Jinja
Kwetu ilikuwa inakata saa ya kupasha chakula. Maikrowevu.

Binti Arua
Mmenikumbusha posa ya dada yangu. Wageni wametoka Koboko, wazee na makoti yao, sisi mabinti tuko chumba cha ndani tunachungulia. Spika iko juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na waifai ilishakatika tangu juzi yake, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na habari nayo. Sasa bwana harusi ana mdogo wake anaitwa Alex, ndiye aliyeshika bahasha. Mshenga akasema, "Alex aje mbele." Kabatini ikatoka sauti ya mwanamke, Kiingereza laini, anaomba radhi. Watu kimya. Mshenga kwa sauti ya juu zaidi: "Nimesema Alex aje!" Yule mwanamke tena, radhi. Shangazi yao akasimama na mkoba wake, akauliza ni nani huyo mliyemficha humo, na anamwomba kijana wetu msamaha wa nini? Baba akasema ni redio. Redio gani inamjibu mtu? Mjomba akakimbilia ukutani akachomoa waya. Ulikuwa wa friji. Na yeye, ili kutuliza watu, anaita "Alex, aah, Alex, kaa!" Mnajua kilichofuata.

Kaka Jinja
Ndoa ilifungwa??

Nyanya Busia
Achana na ndoa, soda zilinyweka?

Mpangaji Najjera
Hadithi ya kutunga hiyo. Bila intaneti ingejuaje imeitwa?

Fundi wa Kireka
Jina lake inalisikia yenyewe, ndani kwa ndani. Ikishalisikia ndipo inatafuta intaneti ili ijibu. Ikikosa, radhi. Kwenye programu ya Alexa unaweza kubadilisha jina la kuiitia, weka Echo, hasa kama ukoo una akina Alex.

Binti Arua
Ilifungwa. Ila walipunguza mbuzi mmoja, wakasema ni fidia ya hofu. Baba hajaisamehe ile spika mpaka leo.

Mzee wa Mbarara
Mnazunguka tu, hakuna anayetaja VPN, ile programu ya simu inayopitisha intaneti nchi nyingine ili kukwepa vizuizi. Tangu ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, Julai 2018, kisha Facebook ikafungwa Januari 2021, Mganda gani anakumbuka kuzima VPN? Shemeji yangu alihangaika jioni nzima kuunganisha spika, simu haiioni, anataka kuirudisha dukani. Simu inajiona iko Uholanzi, spika iko Mbarara, watakutana wapi? Nikazima VPN, ikaonekana pale pale.

Mpangaji Najjera
Mama anaulizia kukatika, mzee, siyo kuunganisha.

Mzee wa Mbarara
Kijana, wewe nywila ya ruta yako umenyimwa, tulia.

Muzigo Wangu
Mimi nina ka-MiFi, karuta ka mfukoni ka laini ya simu, na bando la usiku. Nikitaka wimbo naimba mwenyewe.

Mama Shamim, Bombo
Kweli ilikuwa nyuma ya runinga. Nimeihamishia dirishani, sasa inasoma vizuri. Lakini umeme ukikatika ukarudi inabaki bubu mpaka niichomoe.

Fundi wa Kireka
Inaamka kabla ya ruta, haikuti mtandao. Ingejaribu tena yenyewe, ila zingine ni vichwa ngumu. Nunua ka-UPS kadogo ka ruta, yaani kabetri ka akiba, ruta isizimike kabisa. Na siku ukibadilisha ruta, mpya ipe jina na nywila za ile ya zamani, spika itaingia yenyewe.

Nyanya Busia
Hako ka-UPS mjukuu wangu alichomeka, ruta ikatoa moshi.

Fundi wa Kireka
Volti, Nyanya. Geuza ruta usome chini: nyingi ni 12, lakini ziko za 9 na za 5. Akachague tundu la UPS linalolingana.

Nyanya Busia
Ameshakimbilia kwa shangazi yake Tororo, nitamwambia akirudi.