"Board" moja, maana kumi: mnaitafsiri vipi bila kuaibika?

Mwanagenzi ameuliza:

Wakuu, habari za saa hizi. Nina miezi minane tu kwenye kazi ya kutafsiri, na wiki hii neno moja la Kiingereza limenivua nguo mbele ya mteja. Neno lenyewe ni "board".

Nilipewa mkataba wa ajira ya wafanyakazi wa meli. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "The board will pay for the board of all hands on board." Ilikuwa saa sita usiku, macho yamewiva. Nikaipitisha kwenye programu ya kutafsiri nikijiambia nitairekebisha asubuhi. Asubuhi nikasahau. Mteja akapokea hivi: "Ubao utalipia ubao wa mikono yote iliyo kwenye ubao." Ukurasa ulinirudia ukiwa na neno moja tu pembeni, kwa wino mwekundu: "Seremala?"

Nilicheka, kisha nikafungua kamusi, kicheko kikaisha. Nimekuta kipande cha mbao, meza, chakula, wakurugenzi, ubavu wa meli, jukwaa la maigizo, jalada gumu la kitabu, kupanda ndege, kulala bweni. Nikaifunga.

Swali langu: kuna uzi unaoyaunganisha haya yote, au ni ya kukariri moja moja? Na nyinyi wazoefu mnaamuaje haraka maana ipi ndiyo?

Mpita Njia:

Mkuu usijitese. Andika "bodi" popote, watu wataelewa. Bodi ya wakurugenzi, kibodi, dashibodi, kadibodi. Lugha inakua.

Fundi Randa:

Mpita Njia, hilo ndilo litakalomrudisha kwa wino mwekundu. Gereji ukisema "bodi" fundi anaangalia bati la gari, na bodi hiyo haina undugu na "board" hata kidogo, ni "body". Sasa mkataba ukisema "bodi imeharibika", ni wakurugenzi au ni mlango wa gari?

Mwanagenzi, mteja wako alikutania, ila bila kujua amekupa jibu. Mimi nilikuwa seremala miaka kumi na tisa kabla mgongo haujanisukumia kwenye kutafsiri, kwa hiyo nivumilie nikueleze kiseremala.

Shika ubao mmoja. Mrefu, bapa, umepigwa randa. Hiyo ndiyo "board" yenyewe. Kiingereza cha kale kiliiandika "bord", na tangu enzi hizo neno lilikuwa pia meza, ngao, na ubavu wa chombo. Kwa nini meza? Kwa sababu meza ya zamani ilikuwa mara nyingi mbao tu zilizolazwa juu ya vitegemeo viwili. Watu wanakula, wakimaliza mbao zinaegeshwa ukutani na chumba kinarudi kuwa chumba. Nimekula hivyo kazini siku nyingi: ubao juu ya ndoo mbili za rangi, na ole wake atakayeegemea pembeni.

Ukishaona kwamba ubao umekuwa meza, mengine yanakuja yenyewe. Kilichowekwa juu ya meza kikachukua jina la meza: chakula. Ndiyo maana "bed and board" ni malazi na chakula. Hotelini "full board" ni milo yote mitatu, na "half board" kwa kawaida ni kifungua kinywa na mlo wa jioni. Shule ya bweni nayo imepata jina la "boarding" hapohapo: mtoto analala na kula kulekule. Sheria ya Uingereza hadi mwaka 1857 ilikuwa hata na kitu kinaitwa "divorce from bed and board", yaani mume na mke wametengana kitanda na meza, lakini ndoa haijavunjika na hakuna anayeruhusiwa kuoa au kuolewa tena. Ukiona "divorce" ukakimbilia "talaka", umewaachanisha watu ambao hakimu hakuwaachanisha.

Sasa zunguka meza ileile. Waliokaa kuizunguka wakitoa maamuzi nao wakaitwa kwa jina lake: "the board". Usishangae, sisi tumefanya vivyo hivyo. Baraza lilikuwa mahali pa kukaa mbele ya nyumba kabla halijawa la mawaziri. Mwenyekiti ni mtu mwenye kiti. Wao wameshika meza, sisi tumeshika kiti na mahali pa kukaa.

"Cupboard" nayo ilikuwa ubao wa kupangia vikombe, uko wazi, hauna mlango. Milango ilikuja baadaye, jina halikujali. Ile herufi "p" haitamkwi tena, imebaki kwenye maandishi kama msumari uliosahaulika ndani ya mbao.

Ila ninayoipenda kuliko zote ni "dashboard". Fikiria gari la kukokotwa na farasi. Farasi yuko mbele, dereva nyuma yake, njia ina tope. Kila kwato ikinyanyuka, tope linamrukia dereva usoni na magotini. Wakapigilia ubao mbele ya miguu yake, wengine ngozi ngumu, kuzuia yale matope. Hiyo "dash" ni kule kurusha na kutapanya, wala si haraka. Farasi akaondoka, injini ikaingia, kizuizi kikabaki palepale, na kwa kuwa kilimwelekea dereva wakakipachika vipimo: mwendo, mafuta, joto. Leo mtu wa mauzo anakwambia "fungua dashibodi" na ni grafu tupu kwenye kompyuta. Hamna ubao, hamna farasi, na tope ndiyo usiseme.

Kwa hiyo mimi nikiiona "board" najiuliza kwanza: huu ubao uko wapi, na nani yuko karibu nao? Mara nyingi jibu linajileta lenyewe. Kuna pahali hata hayo hayasaidii, unabaki na hesabu. Wauza mbao wa Marekani na Kanada wana "board foot", kipimo cha ujazo: futi moja kwa futi moja, unene inchi moja, jumla inchi za ujazo 144. Hapo usiandike "futi" peke yake, utamwibia mtu mzigo.

Omo na Tezi:

Fundi umesema vizuri, ila ubavu wa meli umeupita mbio, na mkataba wa huyu ndugu ni wa meli. Ngoja nimalizie mimi niliyekula chumvi.

"Starboard" haina uhusiano wowote na nyota. Ni "steorbord", ubavu wa usukani. Vyombo vya kale vya kaskazini mwa Ulaya havikuwa na usukani katikati ya tezi, yaani nyuma ya chombo, kama ujuavyo. Vilikuwa na kasia kubwa la kuongozea, nalo lilifungwa ubavu wa kulia. Basi kulia kukawa upande wa usukani. Na kwa kuwa hutaki kasia lako libanwe na gati, ulifunga chombo kwa ubavu wa kushoto. Huo wa kushoto waliuita "larboard". Sasa jaribu kupiga kelele "starboard!" na "larboard!" katika upepo mkali uone kama mshika usukani atazitofautisha. Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru neno la kushoto liwe "port", na lile la Marekani likafuata mwaka 1846.

Ukielewa kwamba "board" hapo ni ubavu, "on board" ni kuwa ndani ya mbavu za chombo, na "overboard" ni kuvuka ubavu ukaingia majini. Kwa hiyo "man overboard" kwetu ni "mtu baharini!", basi. Usiweke ubao wowote, mtu anazama. Na wakisema mpango "went by the board", picha yake ni mlingoti uliokatika ukaangukia nje ya ubavu ukaenda na maji. Andika mpango umetupwa, au umekufa.

Sasa mtego ambao naomba uutafute kwenye mkataba wako leo hii: "freeboard". Nimewahi kuona mtu kaandika "chakula cha bure". Ni kimo cha ubavu kutoka usawa wa maji hadi sitaha, yaani sehemu ya ubavu iliyo huru, isiyozama. Kikipungua mno, meli imepakiwa kupita kiasi. Hebu fikiria nahodha anasoma kwamba meli ikibeba mzigo mkubwa chakula cha bure kinapungua.

Mwanagenzi:

Omo na Tezi, nimekimbia kuangalia. Ipo. Ukurasa wa kumi na moja. Niliandika "ubao huru". Sijui nicheke au nilie.

Fundi, shikamoo. Ya farasi na tope sitaisahau. Ila kuna mbili bado zimenikwama humohumo: nyongeza ya mshahara "across the board", na kwamba malipo yote yawe "above board". Huo ubao uko wapi? Nimeutafuta sijauona.

Dada Kalamu:

Nakujibu mimi, Fundi apumzishe mgongo.

"Above board" ni meza tena, safari hii ya wacheza karata. Mikono ikiwa juu ya meza kila mtu anaiona. Ikishuka chini ya meza, karata zinabadilishwa. Sisi tuna "bila kificho", tuna "kwa uwazi", chagua kinachokaa kwenye mkataba. Na sisi wenyewe tunasema mambo yamefanyika "chini ya meza", kwa hiyo msomaji wako picha anayo tayari. Ila "malipo yote yawe juu ya meza" mimi nisingeandika, mtu atadhani anadaiwa taslimu.

"Across the board" imetoka kwenye kamari ya mbio za farasi Marekani. Mtu anaweka dau lilelile kwa farasi mmoja mara tatu: ashinde, awe wa pili, au awe wa tatu. Ameweka kotekote. Kwenye mshahara andika "kwa wafanyakazi wote bila kubagua kada" na usonge mbele. Farasi tena, Fundi atafurahi.

Lakini jamani, tunamcheka Mwingereza na ubao wake wakati wetu umetembea zaidi. Ubao wa kuandikia. Bao la kuchezea, na bao la mpira. Kibao cha njia panda. Kibao cha shavuni. Kibao cha muziki. Watu kibao. Mwanafunzi wangu mmoja mgeni aliwahi kuniuliza kwa uchungu imekuwaje "amepiga kibao" na "amepigwa kibao" ziwe habari mbili tofauti kabisa, mmoja kawa msanii na mwingine kavimba shavu. Nikakosa la kumwambia zaidi ya pole.

Na tazama hili: sisi tunasema "kibao kimegeuka", wao wanasema meza zimegeuzwa. Hizo meza zao si za kulia. "Tables" lilikuwa jina la michezo ya ubao ya jamii ya bakgamoni. Ukiugeuza ubao, aliyekuwa anashinda anajikuta upande wa anayeshindwa. Yaani wao wanasema meza wakimaanisha ubao, na pale kwingine wanasema ubao wakimaanisha meza. Kuna wasemaji wetu, vijana hasa, ambao wakisema wana "ubao" wana njaa. Kwa Mwingereza "board" ni chakula, kwao ni ukosefu wake.

Kitu kimoja cha kuangalia, Mwanagenzi. Si lazima "board" yao iwe ubao kwetu hata pale ambapo ubao upo kweli. Wao wana "ironing board", sisi tuna meza ya kupigia pasi. Wao wana "billboard", sisi tuna bango. Kwenye kompyuta "motherboard" utakuta "ubao mama", na mafundi wengi wanasema "madabodi" bila wasiwasi. Mimi huandika anavyosema mtu atakayeisoma ile karatasi.

Mpita Njia:

Sawa nimenyoosha mikono. Juu ya meza.

Mwanagenzi:

😂 Nimeiandika upya, naomba mnikague kabla sijaituma: "Bodi ya Wakurugenzi itagharamia chakula cha mabaharia wote watakaokuwa melini."

Omo na Tezi:

Nzuri. Ningebadilisha "mabaharia" tu. "All hands" ni kila aliyeandikwa kazi kwenye chombo, na mpishi si kila mtu humwita baharia. Mpishi akisoma hapo ataona yeye hali. Weka "wafanyakazi wote wa meli".

Fundi Randa:

Na angalia mwanzo wa mkataba wanaposema "Board" kwa herufi kubwa ni bodi ipi. Si lazima iwe ya wakurugenzi. Inaweza kuwa ya wadhamini.

Mwanagenzi:

Ni ya wadhamini! Fundi, Mungu akupe mgongo mpya.

Nimerekebisha yote, nimetuma, mteja amepokea bila wino. Kanitumia na kazi nyingine papo hapo, muhtasari wa kikao. Mstari wa kwanza tu: "The board tabled the report." Hiyo "board" sasa naijua. Nimeandika "Bodi iliweka ripoti mezani". Nipo sawa?

Fundi Randa:

Aliyeandika ni Mwingereza au Mmarekani?

Mwanagenzi:

Sijui. Inahusu nini?

Fundi Randa:

Kwa Mwingereza, ripoti imewasilishwa ijadiliwe. Kwa Mmarekani, imewekwa kando isijadiliwe. Mpigie mteja simu kwanza.