Bibi wa kofia ndefu katika picha za kale za vijiji vya Wales: alivaa hivyo kila siku?

MwalimuWaSanaa aliuliza:

Salamu wanajukwaa. Ninaandaa maonyesho madogo ya historia ya upigaji picha kwa wanafunzi wangu wa kidato cha tano, na safari hii nimechagua vijiji vya Wales vya karne ya 19, kwa kuwa Maktaba ya Taifa ya Wales iliyoko Aberystwyth imeweka picha zake nyingi mtandaoni. Picha inayonisumbua inamwonyesha bibi mmoja amesimama mlangoni mwa nyumba ya mawe, kichwani ana kofia nyeusi iliyosimama wima kama bomba la moshi, mabegani shali nzito, na mikononi soksi anayoifuma. Mbwa aliye miguuni pake ana vichwa viwili vya ukunguukungu, na mbingu yote ni nyeupe kama karatasi. Nilikwisha kuandika kwamba hayo ndiyo yalikuwa maisha ya kila siku ya kijijini, lakini mwalimu mwenzangu alipoyasoma maelezo hayo alicheka na kusema kuwa bibi huyo alivalishwa. Je, ipo namna ya kulijua jambo hili kwa kuitazama picha yenyewe?

FundiWaKamera alijibu:

Ndugu Mwalimu, nianze na mbwa, maana yeye hakuvalishwa na mtu. Picha ya namna hiyo inaelekea kuwa imepigwa kwa njia ya kolodioni mbichi (kolodioni ni kimiminika kinachonata), njia ambayo Frederick Scott Archer aliitangaza mwaka 1851. Mpigapicha alimimina kolodioni juu ya kioo, akakizamisha katika maji yenye nitrati ya fedha, akakiingiza kwenye kamera, kisha akakisafisha kwa dawa kabla hakijakauka, na kazi yote hiyo ilipaswa kumalizika kwa dakika chache tu. Ndiyo maana aliyekwenda vijijini alilazimika kubeba hema au mkokoteni wa kutumia kama chumba cha giza. Lenzi ilibaki wazi kwa sekunde kadhaa, na mbwa aliyegeuza shingo katika muda huo alipata vichwa viwili.

Sasa tazama vidole vya bibi. Vikiwa na ukungu, huenda alikuwa anafuma kweli. Lakini vikionekana vyema pamoja na sindano zake, basi hakuwa anafuma, bali aliishika soksi na kutulia kama alivyoagizwa. Zitazame pia pembe za picha, ikiwa hazijakatwa, kwa sababu mara nyingi pembe moja huwa na doa tupu mahali ambapo mpigapicha alikishika kioo wakati wa kumimina dawa. Niliwahi kuijaribu njia hii katika warsha, na vidole vyangu vilibaki vyeusi kwa siku kadhaa.

Kuhusu mbingu, dawa ile iliuona mno mwanga wa buluu na karibu haikuuona mwekundu. Kwa hiyo mawingu yalipotea, na shali unayoidhani nyeusi inaweza kuwa ilikuwa nyekundu.

MkaziWaCeredigion alijibu:

Mwenzako ana hoja, ila nisingempa ushindi wote. Kofia ile ndefu ilienea katika miaka ya 1830 na 1840, na wanawake wazee wa vijijini waliendelea kuivaa kwenda kanisani na sokoni baada ya vijana kuiacha. Wakati huohuo watalii walioletwa na reli walitaka kurudi nyumbani na picha ya “Mwelisi halisi”, yaani mtu wa Wales hasa, basi wapigapicha wakawa wanawaketisha wanawake studioni, wamevaa kofia na wanakunywa chai, na picha hizo zikauzwa kwa wingi. Kufuma soksi, kwa upande mwingine, kulikuwa kazi ya kweli ya kujipatia riziki, hasa katika maeneo ya mji wa Bala.

Inafaa pia kuuliza ni nani aliyeshika kamera. Picha nyingi za vijijini zilizoko Aberystwyth ni za John Thomas, aliyezaliwa katika kijiji cha Cellan, Wales, mwaka 1838 na kwenda Liverpool akiwa kijana kufanya kazi katika duka la vitambaa. Afya yake ilipozorota aliiacha kazi hiyo, akawa anazunguka kuuza karatasi za kuandikia na picha ndogo za watu mashuhuri, ndipo alipogundua kuwa miongoni mwa mashuhuri hao Wawelisi walikuwa haba mno. Alianza na wahubiri mwaka 1863, akafungua studio yake mwaka 1867, kisha akaizunguka Wales kwa takriban miaka 40. Vioo vyake vya picha zaidi ya 3,000 vilinunuliwa na O. M. Edwards, aliyevitumia katika jarida lake la Cymru. Mbele ya Mwelisi mwenzao, naona watu wanasimama kwa namna tofauti na wanavyosimama mbele ya mgeni, ingawa hilo ni jicho langu tu.

Kumbukumbu_za_Kale alijibu:

Nyongeza moja, Mwalimu, usije ukawaambia wanafunzi kuwa picha hizo ndizo za mwanzo. Picha ya kwanza yenye tarehe inayojulikana kupigwa Wales ni ya jumba la Margam, ambayo Calvert Richard Jones aliipiga tarehe 9 Machi 1841 juu ya bamba lililopakwa fedha. Katika miaka ya 1850, Mary Dillwyn wa ukoo wa Penllergare, karibu na Swansea, alitumia kamera ndogo iliyohitaji muda mfupi zaidi wa mwanga, na kwa sababu hiyo aliweza kumnasa kijana akianza kutabasamu. Hao walikuwa matajiri waliopiga picha jamaa zao na mashamba yao. Kijiji cha maskini kilisubiri wafanyabiashara kama Thomas.

Ukipata nafasi ukutani, weka pia picha ya Llanwddyn. Kijiji hicho kilifunikwa na maji ya bwawa la Vyrnwy, lililojengwa kuanzia 1881 hadi 1888 ili mji wa Liverpool upate maji, na hata mifupa ya makaburini ilihamishwa. Hapo ninapoona mlango wa nyumba, sijali sana ni nani aliyevalishwa nini.

MwalimuWaSanaa alijibu:

Nawashukuru sana. Nimeikuza picha: vidole na sindano vinaonekana vyema kabisa, na pembe ya chini kushoto ina doa tupu lenye umbo la kidole gumba. Maelezo mapya yanasema kuwa bibi huyu ameishika soksi yake kwa ajili ya kamera, na kwamba shali yake huenda ilikuwa nyekundu. Mwenzangu ameyakubali, ila sasa anataka kujua jina la mbwa.