Tupeane uzoefu: maski ya uso ya karibu laki moja, kwa baridi hii ya kwetu, ina thamani ya hela yake?

Habari zenu wapendwa. Naishi Uyole, Mbeya, na nina duka dogo Mwanjelwa. Mnaoijua Uyole mnajua mwezi wa sita na wa saba ulivyo. Alfajiri maji ya bomba yanauma vidole, upepo mkavu mchana kutwa, na ikifika saa nne jua linachoma utadhani hakukuwa na baridi. Kila mwaka msimu huu uso wangu unapauka. Nikicheka nasikia mashavu yanavuta.

Mwaka jana nikajinyima, nikaagiza maski ya kulainisha uso, ile unayopaka usiku ukalala nayo. Elfu tisini na tano, ukiweka na gharama ya kuisafirisha kwa basi kutoka Dar, laki moja. Kopo la kioo zito, zuri kwa kweli, lakini ndani ni mililita 50 tu.

Asubuhi ya kwanza niligusa uso nikafurahi, ulikuwa laini kama wa mtoto. Saa sita mchana, nikiwa dukani, mashavu yakaanza tena kuvuta. Usiku ule nikageuza kopo, nikamulika kwa tochi ya simu, nikasoma viambato kimoja kimoja. Cha kwanza maji. Cha pili glisirini. Kwenye vipodozi, kilicho kingi ndicho kinachotangulia, na vinaendelea kupungua hivyo hivyo. Visivyofika asilimia 1 vinaruhusiwa kupangwa vyovyote. Asidi ya hayaluroniki, ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo, niliikuta huko chini kabisa, jirani na manukato. Na glisirini ipo famasi, chupa nzima, kwa hela isiyofika nauli ya kwenda na kurudi Tukuyu.

Naomba mliotumia mseme ukweli. Mlinunua nini, mlipakaje, mngenunua tena?

Mwalimu wa Makete
Dada, mimi nilinunua zile za karatasi, unafungua paketi unajibandika usoni. Moja elfu kumi na mbili, nikachukua tano. Makete tuko juu sana, na Kitulo pale jirani kuna asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu, kwa hiyo jioni lazima uwashe jiko la mkaa ndani, dirisha ukiliacha wazi kidogo kwa usalama. Nikajibandika maski, nikakaa karibu na jiko nasahihisha madaftari. Paketi ilisema dakika 15 hadi 20. Nilijiambia nimelipa elfu kumi na mbili, acha inywe mpaka mwisho. Nikakaa nayo zaidi ya saa nzima.

Ilipokauka ilikuwa ngumu kama karatasi ya kaki iliyoloa ikaanikwa. Kuibandua, ngozi pembeni ya pua inauma. Kesho yake nilikuwa mkavu kuliko nilivyoanza, na wanafunzi wakaniuliza kama nimeungua. Mhudumu wa duka la dawa ndiye aliyenieleza kwamba karatasi ikishakauka inaanza kuvuta unyevu kutoka kwako. Nne zilizobaki nilizitumia sawasawa: dakika 15 mbali na jiko, naitoa ikiwa bado mbichi, papo hapo napaka mafuta ya mgando kidogo juu yake. Hapo niliona faida. Lakini nikajiuliza, faida ile ni ya maski au ya mafuta ya mgando?

Bi harusi wa Iringa
Kwangu ililipa, na silionei aibu hilo. Nilitumia ya kopo wiki moja kabla ya harusi, kila usiku. Siku yenyewe vipodozi vilikaa usoni bila kumeguka kuanzia kanisani mpaka ukumbini, na picha zangu nazipenda hadi leo. Kwa kila siku sitanunua. Kwa siku ile moja ningenunua tena.

Wa Tunduma
Naandika hili kwa uchungu. Mwenzangu mmoja aliniletea "maski ya kulainisha" ya kupimiwa, kikopo cheupe kisicho na lebo, elfu thelathini. Akasema ni ileile ya bei kubwa, wameipunguza tu. Wiki mbili uso uking'aa, kila mtu ananisifu. Nilipoimaliza, nikakosa nyingine, uso ukawaka moto. Vipele, wekundu, hata maji ya kunawa yanachoma. Daktari wa ngozi aliniuliza maswali mawili tu akajua: ule ulikuwa mkorogo wenye dawa kali ya steroidi. Ilinichukua karibu mwaka kutulia. Dada zangu, kisicho na lebo msikiguse, hata kikiletwa na mtu unayempenda. Hakuna pa kusoma viambato, na likitokea la kutokea huna wa kumuuliza.

Muuza vipodozi, Njombe
Kamwene nyote. Pole sana dada wa Tunduma.

Nauza maski hizi, kwa hiyo nasema nikijua mteja anaweza kusoma hapa. Ngozi inahitaji vitu viwili: kinachovuta maji na kinachoyafunika yasitoroke. Glisirini, asidi ya hayaluroniki na hata asali vinavuta. Mafuta ya mgando na siagi ya shea vinafunika. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, ukipaka cha kuvuta peke yake bila kifuniko, maji yanapotea hewani. Ndiyo maana dada wa Uyole saa sita ulirudi kukauka. Paka uso ukiwa bado na majimaji ya kunawa, kisha funika.

Parachichi tunalo tele, ukipaka lililoiva halidhuru wengi, linaacha mafuta kidogo juu. Limau hapana. Limau usoni kisha jua ni kuungua, na alama yake inakaa miezi. Na jua letu si la kuchezea: kila ukipanda mita 1,000 miale inayochoma ngozi inaongezeka kama asilimia 10, na Mbeya mjini mko kwenye mita 1,700 hivi. Mteja mwenye laki moja namshauri atoe kwanza hela ya krimu ya kukinga jua. Inayobaki ndiyo tuizungumzie maski.

Mama wa Mafinga
Mafuta ya mgando, miaka thelathini. Sina cha kuongeza.

Mwenye uzi, Uyole
Asanteni sana. Baada ya kuwasoma nilijaribu usiku kumi na nne mfululizo. Shavu la kulia maski ya laki moja. La kushoto glisirini niliyoizimua kwa maji, juu yake mafuta ya mgando kiasi cha punje ya harage.

Asubuhi nilikuwa namwita mdogo wangu aguse mashavu yote mawili akiwa amefumba macho. Siku nyingi alishindwa kusema lipi ni lipi. Tofauti niliiona kwingine. Kushoto kunanata, foronya ilichafuka, na ukitoka hivyo mchana vumbi la barabarani lote linabaki shavuni. Kulia kunanukia vizuri, hakunati, na nilikuwa nalala kwa raha. Raha hiyo ndiyo niliyoinunua, nimeikubali. Ila laki moja kwa ajili yake sitaitoa tena, maana ni nusu ya kodi yangu ya duka kwa mwezi.

Kopo limebaki robo, na alama ya chini inasema likishafunguliwa ni miezi 12, kwa hiyo nalimalizia kabla muda huo haujaisha. Dada wa Njombe, glisirini yako unaizimua kwa maji kiasi gani? Mimi niliweka nusu kwa nusu, nadhani ndiyo iliyozidi kunata.